Siku Niliyomjibu Mtani kwa Mzaha

Mwanangu, ningepewa asubuhi moja tu ya kuirudia, ningeirudia ile niliyokubali kumleta mtaalamu wa kompyuta nikamwacha Somoe.

Nilikuwa mkuu wa maktaba hapa Mtwara mjini. Somoe, mwanamke wa Chuno, rika langu, alikuwa mkutubi wetu. Mimi Myao, yeye Mmakonde, kwa hiyo tulikuwa watani. Hatukuamkiana bila kutukanana. "Mkeo akitangulia," alikuwa akiniambia, "nitavaa kanga zake nitembee kwa maringo yake pale matangani, na wewe Myao utacheka upende usipende." Huenda ninyi wa siku hizi hamjui: mtani huja msibani kukutania ili huzuni isikumalize.

Kompyuta zilipoletwa, wakubwa waliniachia nichague: nimpeleke Somoe mafunzoni miezi kadhaa, au niajiri mtaalamu. Somoe akaja ofisini kwangu, akafunga mlango.

"Nipeleke mimi. Nitajifunza."

"Mmakonde na kompyuta? Si utaichonga kinyago!"

Hakucheka. "Leo sikutanii, mtani. Nakuomba."

"Umeme ukikurusha, yowe lako litasikika hadi kule Msimbati."

Akafungua mlango, akatoka. Nikaidhinisha mtaalamu. Ukweli ni kwamba nilikuwa na haraka ya kuonekana wa kisasa, na ule mzaha ulinisaidia nisimjibu.

Kijana aliyekuja hakuwa na kosa. Kazi yake aliijua vizuri. Lakini wanafunzi walipomwuliza kitabu gani kingewafaa, aliwaelekeza kwa Somoe, ambaye nilikuwa nimemhamishia mlangoni kupokea mabegi. Baadaye kijana akapata kazi kwenye kampuni ya gesi, akaenda zake, na kompyuta zikafunikwa vitambaa. Somoe naye, tangu siku ile hadi alipostaafu, aliniamkia, "Shikamoo, Bwana Mkuu." Shikamoo, kwa rika lake!

Basi mwanangu, ukiwekwa mahali kama pale pangu, mtaalamu mwite, maana anahitajika. Ila mweke karibu na yule uliyemkuta kazini, amfundishe, hata kama itachukua muda. Na mtu akikuomba kwa dhati, mjibu kwa dhati, iwe ndiyo au hapana. Mungu akujaalie watu wa kukutania, tena akupe sikio la kuitambua siku ambayo hawatanii.

Mke wangu alipofariki, Somoe alikuja. Alitoa rambirambi, akasema, "Pole, Bwana Mkuu," akaketi mkekani na wanawake wenzake, kimya, hadi watu walipotawanyika. Kanga za marehemu zilibaki zimekunjwa pale pale. Uamuzi ule ulinigharimu mtani wangu, na siku niliyomzika mke wangu hapakuwa na mtu wa kunichekesha.