Alama Tisini na Nne

Bado nina hasira, ingawa wa kulaumiwa ni mimi. Wauza asali wa Kanyenye tulikutana kumchagua atakayezungumza na wanunuzi kutoka nje, na wenzangu wakampa nafasi hiyo Mzee Mrisho. Nikasimama.

"Shikamoo mzee. Sina ubaya na wewe, lakini tovuti yako ina alama kumi na mbili. Yangu ina tisini na nne."

"Marahaba," akajibu kwa upole, na upole huo ukanichoma zaidi.

Nilikuwa nimezipima zote mbili kwa simu, kwa kile kipimo kinachokadiria, kwa alama kati ya mia, nguvu ya tovuti kutokea juu mtu akitafuta kitu mtandaoni. Mrisho alilipia tovuti yake mwenyewe. Mimi nilifungua ukurasa wa bure kwenye jukwaa kubwa la blogu, nikaweka picha za mizinga, basi. Nikawauliza kwa nini hapa Tabora tunadharau watu wenye uwezo.

Mama Hadija, mtani wangu Mzaramo, hajawahi kuniacha nipumue. "Mtani, nipimie na ukurasa wangu. Niliufungua bure kwenye jukwaa hilohilo lako."

Nikaupima kwa madaha. Ulikuwa na tangazo moja tu, la mbuzi wake aliyepotea. Zikaja tisini na nne.

Alama zilikuwa za jukwaa zima. Nani angejua kuwa kipimo kinampa mpangaji sifa za mwenye nyumba?

"Basi," Mama Hadija akawaambia wenzetu, "mbuzi wangu akipatikana, naye agombee."