Siku Mukuna Iliponimeza Mbele ya Shefu

Leo nacheka, lakini kwa muda mrefu nilikuwa nikienda kanisani kwa njia ya nyuma ili nisikutane na watu walioniona siku ile, na mpaka sasa kuna mama mmoja wa mtaa wa Carama ambaye akinitazama tu anaziba mdomo kwa kitenge.

Ilikuwa wakati wa vita. Bustani yangu nyuma ya nyumba ilikuwa imechoka: unapanda maharage, yanatoka majani ya njano, basi. Jirani yangu Mama Furaha, mchuuzi wa kutoka Uvira, akaniletea mbegu za mukuna. (Kwa wasioijua: ni ya ukoo wa maharage, lakini hatuipandi kwa kula, tunaipanda ifunike ardhi. Inatambaa, inaua magugu, inazuia mvua isibebe udongo, na ukiikata inaoza na kuwa mbolea. Kazi inafanya yenyewe, wewe unaamua tu siku ya kuikata.)

Na hapo kwenye kuamua ndipo nilipoharibu. Ukiikata inapoanza kutoa maua, unailaza palepale juu ya udongo na kupanda katikati yake, na kwa kuwa bado ni laini inaoza upesi. Ukiiacha ikomae unapata mbegu, lakini inakuwa msitu. Mimi nilikuwa nimewaahidi akina mama wa mtaa mbegu, maana udongo wao ulikuwa hoi kama wangu na sokoni mbegu ile haikuonekana, basi maua yalipotoka nikaiacha yote, bustani nzima, ili kila mmoja apate kikapu. Ikapanda ua wa matete, ikajilundika, ikanifika kiunoni.

Sasa, miaka ile kitu chochote kirefu karibu na nyumba kilitiliwa shaka. Tuliambiwa tukate vichaka na mtama ili mtu mwenye bunduki asipate pa kujificha. Jumapili moja natoka kanisani, nimevaa kitenge changu kizuri kuliko vyote, namkuta shefu wa mtaa amesimama uani kwangu, mikono nyuma, na majirani wamekwisha kusanyika.

"Madamu," akasema (mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, ndivyo wanavyotuita), "hii pori utaikata leo. Mi sitaki mutu alale humu."

"Apana, bwana shefu, ngoja nikueleze."

"Anaanza," Mama Furaha akasema polepole. "Shefu, tafuta kiti."

Nikaeleza. Nikaeleza udongo, nikaeleza mvua, nikaeleza mbegu za akina mama, na nilipoona shefu bado amekunja uso nikasema, "Humu hata kuku hawezi kujificha, tazama," nikaingia. Na kwa kuwa mwalimu hawapi wanafunzi mgongo, niliingia kinyumenyume, nikiwatazama, mikono ikieleza, nikifurahi kwamba wote wananisikiliza.

(Kiangazi kilichotangulia nilikuwa nimechimba shimo la mbolea, refu la kunifika kifuani, tukawa tunatupa humo maganda ya ndizi na majivu. Mukuna ikalifunika vizuri sana, kama nilivyokuwa nimewaambia watu kwamba inafunika.)

"Unaona, shefu? Mutu akiingia anaonekana wazi," nikasema, nikapiga hatua moja zaidi, nikapotea.

Nimekaa kitako juu ya maganda, juu yangu majani matupu.

"Madamu, uko wapi?"

"Niko huku."

"Huku wapi? Siko nakuona."

"Karibu na mpapai."

"Mupapai naiona. We sikuoni."

Ndipo Mama Furaha akasema, kwa sauti ya mtu anayetetea rafiki yake mahakamani, "Shefu, alisema kuku haiwezi jificha. Ya walimu hakusema kitu."

Watu wakaanguka kwa kicheko, kicheko ambacho mtaa wetu haukuwa umekisikia siku nyingi. Wakanivuta kwa mikono. Kiatu kimoja kikabaki chini, na kitenge sitaki kukisimulia.

"Tunaikata yote," shefu akasema akijifuta machozi. "Leo, mbele ya jioni."

"Na mbegu za akina mama?" nikauliza, ganda la ndizi likiwa bado begani.

Akawageukia akina mama. Hapo hakuna aliyekuwa anacheka tena, kila mmoja alikuwa anangoja jibu. Shefu akakohoa. "Bien, sawa. Ile ya kando ya shimo uache. Tutakuwa tunajua fasi ya kukutafuta."

Watu wakaleta panga, tukaikata na kuilaza palepale. Mvua zilipokuja, maharage yangu yalitoka na kijani kilichokolea, na ile mukuna ya kando ya shimo ikampa kila mama mbegu, si kikapu, ni kiganja tu, lakini kilitosha kuanzia. Kwa hiyo nawaambia na ninyi: kateni sehemu kubwa inapotoa maua, kona ndogo iachieni mbegu. Msiogope, ni rahisi.

Ama mimi, tangu siku ile nikieleza jambo nasimama palepale nilipo, na kama ni lazima nisogee, nageuka kwanza, hata kama ni kumpa shefu mgongo.