Dakika Moja ya Siki

Tangu serikali ilete upimaji wa saratani ya mlango wa kizazi katika zahanati ya Kibirichia, sista anayepima hajaacha kukipasha moto chombo cha chuma cha kupanulia njia ya uzazi kwa maji ya chupa ya chai, kisha kukijaribu kwenye mkono wake mwenyewe, kama anayepima maziwa ya mtoto. Lenah, aliyelala kitandani kusubiri kupimwa, alimtazama huku amekaza magoti. Mamake aligunduliwa kuwa na saratani hiyo Nairobi, wakati hapakuwa tena na la kufanya. "Legeza, mama," sista akamwambia. "Hata ng'ombe wako hakazi hivi akikamuliwa."

Akaingiza chombo, akampaka siki kwa pamba kwenye mlango wa kizazi. Doa jeupe likitokea, kuna hatari, na hilo husubiriwa dakika moja. Sista hatazami saa. Huimba polepole ubeti wa wimbo wa kanisani, macho hayabanduki. Ubeti ukaisha. Akainama tena, akachomoa chombo. "Hakuna kitu. Safi kabisa. Urudi baada ya miaka mitano." Lenah akabaki amelala, machozi yakimwingia masikioni. Sista akamshika mkono. "Shuka ukalilie nje, mama. Kitanda ni cha serikali, na wenzako wanangoja."