Chuma Kilichozuia Magodoro

Mume wangu anauza magodoro, na mtaani wanamwita Pamba kwa sababu hajawahi kubeba kitu kizito maishani mwake. Hana ugomvi na mtu. Ugomvi ninao mimi, nao ni wa daraja.

Daraja letu lilianza kupata nyufa malori ya mawe yalipoanza kupita. Likipita moja, vikombe vyangu vinagongana kabatini. Tulilalamika mpaka sauti zikakauka. Hatimaye msimamizi wa daraja akaja na mafundi, wakasimika nguzo mbili mwanzoni mwa daraja, wakalaza chuma juu yake. Gari linalozidi kimo cha chuma halipiti.

"Malori mazito basi," akasema, akajipangusa mikono.

Jamani! Nani anarundika mawe mpaka mawinguni? Lori la mawe hujazwa nusu tu, maana likizidi hapo ekseli inakatika. Linapita chini ya chuma kile raha mustarehe. Aliyekigonga siku ya kwanza ni mume wangu, na pikapu yake yenye magodoro yaliyopangwa kama ghorofa. Akatozwa faini kwa kupinda chuma, na pikapu ikashikiliwa mpaka alipe. Nilimfuata msimamizi ofisini nikamwambia apime uzito, asipime urefu.

"Mama, mizani ni ghali," akanijibu. "Chuma tulikuwa nacho stoo."

Nilitaka kulia, nikajikuta nacheka.

Wakati huo shule ya bweni iliyoko ng'ambo ya daraja ilikuwa imeagiza magodoro. Wanafunzi wanarudi Jumatatu. Yasipofika, kazi anapewa mwingine, na sisi hiyo kazi ndiyo inayotulisha mwaka mzima. Ndipo akaja kaka yangu. Yeye ni dereva wa mojawapo ya hayo malori ya mawe, na tulishagombana sana kwa ajili ya vikombe vyangu.

"Shemeji," akamwambia mume wangu, "tandaza magodoro yako juu ya mawe yangu. Nafasi ipo mpaka kwenye chuma. Nakupitisha bure."

"Hiyo bure yako ina gharama," nikasema.

"Mke wangu, niache," Pamba akajibu. "Mfa maji haachi kutapatapa."

Lori lilifika katikati ya daraja, tukasikia kishindo. Zege likadondoka mtoni, gurudumu la nyuma likazama kwenye tundu. Tunashukuru hakuumia mtu. Msimamizi akaja mbio, akamkabili kaka yangu.

"Wewe unapita hapa na mawe kila siku, daraja halijawahi kutoboka. Leo umeongeza nini?"

Nilimtazama kaka. Tumenyonya ziwa moja, mimi na yeye. Nilingoja aseme kwamba daraja limechoshwa na mawe yake, basi. Akatazama gurudumu, akatazama mto, mimi hakunitazama.

"Magodoro," akasema.

"Basi aliyeongeza ndiye atakayelipa," msimamizi akamwambia mume wangu, akatoa kitabu cha faini.

Hasira zilinipanda mpaka nikaona kiza. Nilishusha godoro kutoka kwenye lori nikamtwika msimamizi kichwani. "Haya, libebe! Limekuvunja shingo?" Watu wakaangua kicheko. Yeye akalishika kwa mkono mmoja lisianguke, akakiegemeza kitabu kwenye bodi la lori, na kwa mkono wa pili akaendelea kuandika.

Magodoro tuliyabeba vichwani mpaka shuleni, yakafika yote. Malipo ya shule yakaishia kwenye faini ya kwanza, na pikapu ilipoachiwa tukaiuza kulipa ya pili. Pamba sasa anashinda dukani akingoja wateja waje wenyewe kuchukua.

Daraja limetiwa kiraka na malori yanapita. Kaka hutuma salamu kila wiki kupitia kwa mama, eti damu nzito kuliko maji. Vikombe vikigongana kabatini najua ni yeye anapita, na salamu zake sizijibu.