Nilimwambia mke wangu aache dawa za stent mpaka harusi ipite

Wakuu, sasa. Humu nimekuwa msomaji tu kwa miaka, sijawahi kuanzisha uzi. Leo naandika, na nitasema vile ilikuwa, hata mahali inaniaibisha. Hasa hapo.

Mke wangu alikuwa anaitwa Mueni. Alikuwa mwalimu wa primary hapa Riruta, Nairobi, na tulikuwa tunaishi mtaa wa Satellite na binti yetu Shiru. Mtu wa maneno mengi. Akitoka shule ananisimulia darasa lote, mtoto kwa mtoto, mpaka nikawa najua tabia za watoto sijawahi kuwaona.

Ilianza na jicho la kushoto. Kope ikawa inashuka yenyewe. Tukadhani ni uchovu wa kusahihisha vitabu.

Halafu siku moja akaniambia, "Baba Shiru, leo nimeona kila mtoto mara mbili." Akacheka. Mimi pia nikacheka.

Daktari wa macho alimwangalia dakika chache tu. Akasema hii si shida ya jicho, nendeni mpigwe scan ya kichwa leo, si kesho.

Ilikuwa aneurysm. Hata mimi neno hilo sikulijua. Ni mshipa wa damu kichwani umekuwa dhaifu mahali fulani, ukavimba kama puto. Ya Mueni ilikuwa kubwa, nyuma ya hilo jicho, inafinya neva. Ikipasuka, damu inamwagika kichwani na mtu anaweza kufa saa hiyo hiyo.

Specialist wa mishipa ya kichwa tulimwona kule Hurlingham. Mtu mpole, haongei haraka. Alituchorea kwa karatasi.

Akasema kuna kamrija kembamba kamesukwa kwa nyuzi za chuma kama wavu, kanaitwa flow diverter, ni aina ya stent. Wanakaingiza kwa mshipa wa pajani, wanakapandisha mpaka kichwani, wanakaacha ndani ya mshipa, mbele ya mdomo wa lile puto. Damu inapita njia yake badala ya kuingia kwa puto. Puto likikosa damu mpya, linaganda na kusinyaa. Si siku moja. Ni miezi.

Kisha akaweka kalamu chini.

"Sasa mnisikilize wote wawili. Damu inaweza kuganda ndani ya hako kamrija na kufunga njia. Ndio maana atameza dawa mbili za kuzuia damu kuganda, kila siku. Mkiona shida yoyote, nipigieni simu. Asiache mwenyewe."

Mueni akamwuliza, "Hata siku moja, daktari?"

"Hata siku moja, mwalimu."

Namba yake niliandika mimi.

Stent iliwekwa hapa hapa Nairobi na ilienda vizuri. Baada ya siku chache alikuwa nyumbani. Baada ya miezi miwili kope ikaanza kuinuka, na akarudi darasani. Wakuu, nilikuwa naamka asubuhi naangalia hilo jicho kwanza.

Shida ikawa alama.

Zile dawa zinafanya mtu avilie damu kwa kitu kidogo. Akigonga mkono kwa dawati, kesho kuna doa nyeusi kubwa kama kiganja. Alikuwa nazo kwa mikono yote miwili.

Walimu wenzake wakaanza kumwuliza kama nyumbani kuko sawa. Majirani kwa plot wakaacha kunisalimia vizuri.

Jumamosi moja wazee wawili wa kanisa wakaja kututembelea. Mueni akaelewa wamefuata nini. Akatoa pakiti za dawa, akawaeleza kila kitu. Wakasema wameelewa. Lakini mmoja akitoka alinishika bega akaniambia, "Hasira ni kitu ya kuombea, ndugu."

Mimi sijawahi kumwinulia mkono. Hiyo maneno iliniingia ikakaa.

Wakati huo ndugu yangu mdogo alikuwa anaoa, na sisi ndio tulikuwa best couple, wasimamizi wa maharusi. Gauni ya Mueni haikuwa na mikono. Nikawaza ukumbi mzima, familia yetu na yao, wote wanaangalia mikono ya mke wangu halafu wananiangalia mimi.

Nikamwambia, "Mama Shiru, si uache hizo dawa kidogo? Harusi ipite tu."

Akasema, "Daktari alikataa."

"Umepona. Angalia jicho lako. Siku chache haziwezi kukufanya kitu."

"Basi mpigie umwulize."

Nikamwambia nitapiga. Sikupiga. Nilijua atasema nini.

Jioni akaniuliza, nikamwambia nimeongea naye, amesema ni sawa.

Hapo ndipo nimekuwa nikishindwa kuandika, wakuu. Sikumshauri vibaya tu. Nilimdanganya.

Aliacha siku nane. Harusi ilipendeza. Alicheza sana, mikono yake safi kabisa. Nilikuwa na furaha kama mtu ameshinda kesi.

Jumatatu asubuhi alikuwa anamwita Shiru aje anywe chai. Akasema, "Sahani." Akarudia, "Sahani, sahani." Aliona mwenyewe si hilo neno anatafuta, kwa sababu alinigeukia akiwa na hofu. Halafu mkono wa kulia ukalegea, akaketi chini pole pole.

Hospitali waliniuliza, "Dawa amekuwa akimeza?"

Nikasema ndiyo.

Ilinichukua karibu saa nzima kusema ukweli. Nilimpata yule specialist wetu, ambaye walikuwa wamemwita, kwa korido, nikamweleza yote. Hakunigombeza. Alifunga macho kidogo, akarudi ndani mbio.

Damu ilikuwa imeganda ndani ya stent. Walijaribu kuitoa. Sehemu kubwa ya ubongo ilikuwa tayari imeharibika.

Baadaye nilimwuliza kama ile saa ingebadilisha kitu. Akasema, "Sijui." Nadhani angeweza kusema hapana ili anitulize. Hakusema.

Mueni aliishi siku tisa, bila neno hata moja. Yule mtu wa maneno mengi. Nilimwomba msamaha nikimshika mkono wa kushoto, ule ulikuwa bado na nguvu. Alinitazama. Sijui alielewa au la.

Tulimzika kwao Ukambani. Watu walisema ugonjwa wa kichwa ni hatari, nikanyamaza.

Mwezi uliopita nikaenda kwa mama yake. Nikamwambia yote, pamoja na ule uongo wa simu.

Akaniuliza, "Ulifanya hivyo kwa sababu ya watu?"

"Ndiyo, Mama."

"Na hao watu, ni nani amewahi kuja kukuuliza unaendeleaje?"



Akaniambia Shiru anahitaji kujua pia, na aambiwe na mimi, si mtu mwingine. Ana miaka kumi na sita. Nimepanga kumwambia Jumapili hii tukitoka kanisani, na nimeandika hapa kwanza ili nisirudi nyuma.

Wakuu, kama mtu wenu ana stent kichwani, dawa zisisimamishwe na mume, jirani wala mchungaji. Mpigieni daktari, hata kama mnajua jibu hamtalipenda.

Aliyewahi kumwambia mtoto wake kitu kama hiki, anisaidie: nianzie wapi? Na mwenye kunilaumu, aandike tu. Nitasoma zote.