Gari Lililopimwa Kama Gauni

Dada yangu hushona magauni ya maharusi, na gauni halitoki kwake bila mwenyewe kulivaa na kupimwa. Likikaa vizuri mwilini, analikunja na kazi imekwisha. Nayasema haya mjue dalali mmoja wa magari alimtapeli mtu wa namna gani. Mtu anayefumua mshono mzima kwa sababu kwapa linabana!

Dada alitaka gari kubwa, la safu tatu za viti, kwa sababu moja tu. Kila familia ikitoka, mama yetu ndiye hubaki nyumbani. Ama nafasi haitoshi, ama magoti yanamgomea kupanda, naye husema hana hamu ya kutoka. Uongo mtupu! Tukirudi hutuuliza mpaka rangi ya mapazia ya huko tulikokwenda.

Basi tukaenda yadi ya magari, sote saba. Dalali akatuonyesha gari jeusi la kifahari, limetumika lakini linameta, viti vya ngozi, nalo limekaa chini kabisa, tumbo karibu liguse ardhi.

"Hili lina adabu," akasema. "Linajishusha lenyewe wazee wapande. Ukiwasha tu, linainuka."

Mama akainua mguu kidogo, akaingia. Hakushikwa mkono. Akapapasa kiti, akacheka kama msichana. Dada akatupanga wote, akamuuliza kila mmoja kama goti linagusa, kama mgongo umeegemea sawasawa. Aliporidhika, akalipa palepale. Kuliendesha kwanza? Hakuna aliyewaza. Tulishalipima, likatukaa, tulitaka nini tena?

Shemeji, mumewe dada, akawasha. Gari halikuinuka hata kidogo. Likajikokota, matairi yakikwaruza, likafika katikati ya lango, likazimika.

Mlinzi wa lango akaropoka, "Si ndilo lile lililoletwa hapa kwa kuburutwa?"

Dalali akamkata jicho. Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawaka moto. Kumbe springi zake za upepo, zile za kuliinua, zilikwisha kufa zamani, na maiti ile tumeuziwa kwa jina la adabu! Mtu anamtazama mama mzima akifurahi, na yeye anajua!

Hata haya hakuwa nayo. Alikuja dirishani, mikono mfukoni. "Dada, si ulitaka gari ambalo mzee ataingia? Si ameingia? Mali ikishauzwa hapa hairudi."

Machozi yakamlenga dada. Nje ya lango, mteja mmoja alikuwa anapiga honi aingie.

Mama akajifunga mkanda.

"Shukeni nyote," akatuambia, tukashuka. Kisha akamgeukia dalali. "Wewe kijana, nisikilize. Kuingia nimeingia mwenyewe, kweli. Kushuka, magoti yangu hayataki mpaka hela ya mwanangu irudi mkononi mwake. Na atakayenigusa, nitapiga yowe watu wajae hapa."

"Lakini mama, umeziba lango! Wateja watapita wapi?"

"Naona," akasema mama, akaegemeza kichwa kwenye ile ngozi. "Niletee maji ya kunywa."