Dalali wa Akademia

Jina lake halisi limechongwa kwenye kibao mlangoni, lakini hakuna anayelisoma. Kuanzia mlinzi wa getini hadi maprofesa wenye mvi, wote humwita Dalali, naye huitika bila kununa. Udalali aliufanya kweli. Alilelewa na shangazi yake nyuma ya duka la samani zilizokwisha tumika, akajifunza kuuza kabati lenye mguu mfupi kwa kuutaja mguu mfupi kabla mnunuzi hajauona. "Kasoro ukiitaja wewe ni punguzo," shangazi alimwambia. "Akiiona mwenyewe ni wizi." Kwa elimu hiyo na nyingine ya darasani aliingia Akademia ya Sayansi akiwa mpiga chapa, akapanda cheo kidogo kidogo hadi akawa mratibu wa kamati zote.

Akademia yenyewe ni nyumba ya ghorofa moja yenye ukumbi mkubwa, meza ndefu ya mbao nyeusi, na feni inayozunguka kama inayomfanyia mtu hisani. Kazi yake ni rahisi kueleza, ngumu kufanya. Serikali ikikwama kwenye jambo linalohusu ardhi, misitu, maji au joto linalopanda, huuliza swali. Akademia huwaita wajuzi wa jambo hilo. Husoma kila kilichopimwa, hubishana, huandika, kisha huwapa wajuzi wengine wasiohusika ili waitoboe ripoti kila mahali inapoweza kutoboka. Kinachobaki hupelekwa kwa waziri. Uamuzi ni wa waziri. Wao ni kama fundi anayekwambia paa litavuja. Kuliziba au kununua ndoo ni juu yako.

Dalali husimama katikati. Upande huu kuna watu wasiotaka kusema zaidi ya wanachokijua, upande ule kuna watu wasiotaka kusoma zaidi ya ukurasa mmoja.

"Waziri hasomi," huwaambia wanakamati wapya. "Waziri husomewa, tena huku anapanda gari. Andikeni sentensi ambayo msomaji hatakata pumzi."

Tena ana kiatu. Mjuzi akianza kupotea njia mbele ya wakubwa, kiatu cha Dalali humgusa chini ya meza, naye hurudi barabarani. Wapo maprofesa wenye sifa ng'ambo ambao mifupa ya miguu yao inakijua kiatu hicho.

Sasa lilikuja swali la maji. Mwaka ule akademia za nchi nyingi zilitoa tamko la pamoja kwamba dunia inakunywa akiba ya maji ya ardhini kwa kasi kubwa kuliko mvua inavyoirudisha. Waziri wa Maji alilipokea, akapigwa picha nalo, kisha akapiga simu Akademia.

"Ya dunia nimeyasikia," alisema. "Mji wangu je? Huku kila uchochoro unatobolewa kisima. Nitoe vibali au nisimamishe? Nijibuni mimi, msiijibu dunia."

Dalali alilipenda swali lile, maana lilikuwa na mlango wa kuingilia na wa kutokea. Alilipenda mpaka alipokumbuka nani anayetoboa visima.

Alikuwa kaka yake mkubwa, tumbo moja. Alikuwa na mtambo mmoja uliopandishwa juu ya lori, na nusu ya visima vya bondeni, upande wa chini wa mji, vilikuwa kazi ya mkono wake. Zamani, kule kwa shangazi, kaka huyo ndiye aliyebeba vitanda mgongoni ili dada yake mdogo abebe madaftari. Hakuna aliyemkumbusha Dalali jambo hilo, na hakuhitaji kukumbushwa.

Kila kikao cha Akademia hufunguliwa kwa kutaja maslahi. Mwenyekiti huzunguka meza, na kila aliyepo husema kama yeye au jamaa yake atapata au atapoteza kwa shauri litakalotolewa. Kwa kawaida huenda haraka, kama watoto wanaoitika majina darasani: sina, sina, sina. Mratibu haulizwi. Yeye huhesabiwa pamoja na viti.

Siku hiyo zamu ilipomalizika, Dalali aliweka kalamu chini. "Mimi ninayo," alisema.

Mwenyekiti, mama mmoja mtaalamu wa mimea, alivua miwani. "Una maslahi gani, mwanangu?"

"Kaka yangu anachimba visima. Mkishauri vibali visimame, mtambo wake unalala."

Profesa Mwamba, aliyeitwa hivyo kwa kuwa ndiye mjuzi wa miamba na maji yaliyo chini yake, aligeuka kumtazama. "Kumbe Dalali ana ndugu? Mimi nilidhani uliletwa pamoja na meza."

"Meza niliileta mimi, Profesa. Tena niliwapunguzia bei."

Walicheka, lakini Mwenyekiti hakulegeza kamba. Dalali ataendelea na mialiko, magari na chai. Neno moja la ripoti hataligusa, wala hatasema lolote juu yake, ndani au nje, mpaka waziri aamue. Dalali alikubali. Alikusanya karatasi zake, akatoka, akafunga mlango nyuma yake. Kwa mara ya kwanza alisikia jinsi wajuzi wanavyobishana asipokuwepo, maana kuta za nyumba ile ni mbao nyembamba na Profesa Mwamba hakujaliwa sauti ya chini. Hakutaka kusikia, lakini masikio hayana vifuniko. Maji ya bondeni yalikuwa yanashuka kila mwaka, na chumvi ilikuwa inasogea kuchukua nafasi yake. Shauri lilikuwa moja: visima vipya visimame.

Jumapili kaka alikuja kula, kama kawaida yake. Alinawa, akakaa, akasogeza sahani.

"Mdogo wangu, nataka kuchukua mtambo wa pili kwa mkopo. Kazi za bondeni zimenizidi. Nichukue, nisichukue?"

"Habari za maji sizungumzi na wewe. Nilikwambia tangu walipoanza."

"Sijakuomba siri za serikali. Kohoa tu. Ukikohoa nachukua, usipokohoa naacha."

"Nikikohoa nitakuwa naumwa. Kula."

"Basi pepesa jicho."

"Kaka, chakula kinapoa."

Alikula, huku akimsoma dada yake usoni kama anavyousoma udongo unaotoka shimoni. Dalali aliukaza uso ule ule aliowahi kuuzia makabati. Mwishowe kaka alicheka.

"Unajua unachonifurahisha? Hujui kitu. Wale wakubwa wamekutoa nje upike chai, na wewe unajifanya umefunga kinywa. Kungekuwa na balaa ungekuwa umeshaacha kula. Nitachukua."

Neno la kumzuia lilikuwa karibu. Angeweza hata kusukuma sahani pembeni, na kaka angeelewa. Lakini sahani ikisukumwa ni ripoti iliyovuja, na ripoti iliyovuja kwa ndugu mmoja haina thamani kwa mji mzima. Dalali alichukua tonge jingine, akalitafuna mpaka likaisha. Wiki hiyo hiyo mtambo wa pili uliingia uani kwa kaka.

Siku ya kuonana na waziri ilifika. Chumba chake kilikuwa na zulia nene linalomeza nyayo, na kiyoyozi kikali cha kumkumbusha mgeni asikae sana. Profesa Mwamba alikaa mbele na Mwenyekiti. Dalali alikaa nyuma ukutani, mkoba wa nakala mapajani, mbali na mguu wa mtu yeyote.

Profesa alieleza vizuri. Waziri alisikiliza vizuri pia, kalamu imeshafunguliwa. Kisha akauliza swali ambalo wakubwa wote huuliza.

"Unaweza kuniapia, Profesa, kwamba nisiposimamisha vibali maji ya bondeni yataharibika?"

"Kuapa? Hapana," alisema Profesa Mwamba.

Angeishia hapo ingekuwa nafuu. Lakini aliendelea. Alieleza kwamba vipimo ni vya miaka michache. Kwamba visima walivyopima ni vichache kuliko walivyotamani. Kwamba mwamba wa chini una nyufa ambazo bado hazijachorwa, na mjuzi mmoja aliyeipitia ripoti alikuwa na shaka juu ya jedwali la tatu, shaka ambayo yeye mwenyewe aliiona inastahili heshima. Kosa hilo mwanasiasa hawezi kulifanya, wala muuza samani. Ni kosa la mwanasayansi peke yake. Muuza samani hutaja mguu mfupi kisha akauza kabati. Profesa alitaja miguu yote minne, halafu akaanza na milango ya kabati.

Kifuniko cha kalamu ya waziri kilirudi mahali pake.

"Basi," alisema msaidizi wa waziri, "vibali viendelee wakati utafiti unaendelea."

Dalali aliutazama mguu wa Profesa ng'ambo ya zulia. Kiatu kisingefika. Na hakuwa na haja ya kukifikisha. Alichotakiwa kufanya ni kukaa kama alivyoagizwa. Kimya chake kingekuwa utii, na utii huo ungeiwasha mitambo yote miwili ya kaka yake. Ni nadra katika maisha ya mfanyabiashara kwamba uaminifu na faida vikae kiti kimoja.

Kilichomwinua hakikuwa huruma. Alikuwa anaona bidhaa nzuri, aliyoijua kuwa nzuri kupitia ukuta wa mbao, ikirudishwa stoo kwa sababu muuzaji wake alikuwa mkweli vibaya. Hilo hajawahi kulivumilia.

"Mheshimiwa, naomba radhi," alisema akiwa amesimama. "Kaka yangu anachimba visima. Vibali vikiendelea, ukoo wetu unafaidi. Kwa sababu hiyo nimekatazwa kusema juu ya ripoti, na sitasema. Ila naomba nimuulize Profesa jambo la nyumbani kwake."

Mwenyekiti alifumba macho. Waziri, ambaye asubuhi yote hakuwa amesikia kitu cha kumchangamsha, alisema, "Muulize."

"Profesa, wewe si unakaa bondeni? Kile kisima cha uani kwako bado unachota?"

"Kile? Nilikifunga mwaka jana."

"Na uhakika ulikuwa nao?"

"Uhakika wa nini?" Profesa aligeuka, sauti yake ikijaza chumba. "Nikingoja uhakika, chumvi itakuwa imeshaingia. Na ikiingia haitoki. Si katika umri wangu, wala wa wajukuu zangu. Tukisimamisha leo tukakosea, tumechelewesha visima. Tukiendelea tukakosea, hatuna bonde. Makosa hayo mawili hayalingani."

Waziri aliuliza, "Hilo limeandikwa wapi?"

"Ukurasa wa arobaini na kitu," alisema Profesa.

"Mngeanza nalo," alisema waziri, akafungua kalamu. Vibali vipya bondeni vilisimama mpaka vipimo vionyeshe maji yamepanda, visima vikubwa vilivyopo vikaagizwa vifungwe mita, na Akademia ikatakiwa ilete vipimo vipya kila mwaka, safari hii kwa ukurasa mmoja.

Kwenye ngazi Mwenyekiti alimsubiri Dalali. "Umevunja utaratibu."

"Nimeuvunja, Mama."

"Nitakuandikia barua ya onyo."

"Niandikie."

Mwenyekiti alishuka ngazi kadhaa, akasita. "Na nani atakayeipiga chapa?"

"Mimi, Mama. Nitakuletea kesho usaini."

Kesho yake asubuhi, barua ikiwa bado kwenye mashine, mlinzi alimwambia kuna mtu getini hataki kuingia. Alikuwa kaka, amesimama kando ya lori lake, mikono mifukoni.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Ukaniangalia natafuna."

"Nilikuangalia."

"Na wanasema ulisimama mbele ya waziri ukanitaja jina."

"Jina sikutaja. Nilisema kaka yangu."

"Una kaka wangapi?"

Kaka aliangalia barabara. "Vile vitanda nilivyobeba," alisema, kisha akaacha, maana hata yeye alijua sentensi hiyo haina mwisho mzuri.

"Mtambo umeshauwasha?" Dalali aliuliza.

"Uko uani. Hata vumbi la kazi haujaona."

"Basi bado ni mpya. Subiri nichukue mkoba, twende kwa muuzaji aupokee tena."

"Atakataa."

"Atakataa mara ya kwanza. Hiyo ni ya adabu tu, kila muuzaji lazima aitoe."

Muuzaji wa mitambo alikataa mara ya kwanza, na ya pili. Dalali hakumlilia. Alimweleza tu kwamba bondeni hapachimbwi tena, kwamba mteja wake hataweza kumaliza kulipa, na kwamba baada ya miezi michache atalazimika kuufuata mtambo wenyewe ukiwa umechakaa, kisha autafutie mnunuzi katika mji usiochimba. Leo anaweza kuupata ukiwa na nailoni yake kitini. Walivutana mpaka chai ya mwenyeji ikaota ngozi juu. Mwisho muuzaji alikubali kuuchukua, ila malipo ya mwanzo abaki nayo.

"Huo ni wizi," kaka alisema walipotoka nje.

"Ni wizi mdogo. Ulikuwa unaelekea kwenye mkubwa."

Kaka aliwasha lori. Alimshusha dada yake kwenye geti la Akademia, akaondoka kabla mlango haujafungwa sawasawa. Jumapili iliyofuata hakuja, wala nyingine kadhaa. Watu walisema anachimba upande wa juu wa mji, kwenye mwamba mgumu, kazi ya jasho jingi na visima vichache.

Siku aliyorudi hakubisha hodi. Alinawa, akakaa mahali pake, akasogeza sahani, akauliza habari za watoto na za goti la shemeji yake. Akasema mchuzi umezidi chumvi kidogo, wakakubaliana ni kweli. Habari za ofisini hakuuliza, na Dalali hakumwambia.